Mji wa Penseli na Kikohozi cha Baba Mkwe

Mimi na mume wangu tuliwahi kujenga mji mzima kwa penseli. Ulikuwa mzuri kuliko miji yote niliyopata kukaa, na haukuwa na gari hata moja.

Ulianzia Mbeya, miaka ya sabini ikiwa bado michanga, kwenye chumba cha kupanga kule Majengo. Mume wangu alikuwa mchora ramani za viwanja serikalini, mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Mvua za Mbeya, kwa asiyezijua, hazina haraka. Zinaanza taratibu kama mtu anayejiandaa kukaa, halafu zinakaa kweli. Jumapili moja nilirudi kanisani na kiatu kimoja. Kingine kilimezwa na tope katikati ya barabara, lori likanipita likanimwagia lililobaki, na dereva akapiga honi kana kwamba mimi ndiye niliyemkosea. Nilifika nyumbani nimefura.

"Hivi huu mji aliuchora nani?" nikamuuliza mume wangu.

Alichukia. Kwa mchora ramani hilo ni tusi.

"Basi chora wako," akasema.

Akatoa uvunguni karatasi kubwa ya ofisini iliyoharibika upande mmoja, akaitandaza mezani, akanipa penseli. Alidhani nitanyamaza. Hakunijua vizuri, tulikuwa na mwaka mmoja tu katika ndoa.

Kuanzia siku hiyo, kila Jumapili baada ya chakula, tulikuwa tunajenga. Yeye Mnyakyusa wa Rungwe, mimi Mhehe wa Iringa, kwa hiyo tuligombana tangu mstari wa kwanza. Alitaka mlima Loleza ukae nyuma ya mji. Alisema mji usio na mlima nyuma yake ni sawa na mtu aliyekalishwa kwenye stuli, hana pa kuegemea. Nilikubali, maana Loleza asubuhi ukungu ukianza kuupanda niliupenda hata siku zile nilizokuwa naichukia Mbeya yote. Mimi nikaleta mijakaranda ya kwetu, nyumba za mawe na ule upepo wa Iringa unaokausha nguo kabla hujamaliza kuanika. Tukapitisha vijito kila mtaa, na juu ya kila kijito daraja la mbao la kupita watu, si lori.

Sheria kuu niliitunga mimi: mtoto akitumwa chumvi dukani, arudi kabla mboga haijaungua jikoni. Shule, soko, zahanati na kanisa vyote vipimwe kwa sheria hiyo. Magari yaachwe nje ya mji, kama tunavyoacha viatu mlangoni. Kando ya njia ipandwe mipichi na miparachichi ya watu wote, apitaye achume. Mume wangu akaomba uwanja wa mpira. Nikamnyima. Kisha akaniosha vyombo wiki nzima, nikampa.

Lakini kulikuwa na jambo moja nililolidai peke yangu, na kila mgeni aliyeiona karatasi ile alilishangaa. Mji wangu ulijaa nyua. Kila njia ilikuwa na ua wa miti midogo pande zote mbili, na kila kona ilikuwa na mti wenye shina nene. "Mbona mji wenu kama wa mchezo wa kujificha?" mwalimu mwenzangu mmoja aliniuliza. Nikamwambia ndiyo, na ninayejificha ni mimi.

Nilikuwa namkimbia baba mkwe.

Si kwa ubaya. Kwa desturi ya kwao mume wangu, mke hatakiwi kuonana na baba mkwe wake. Hamtazamani, hamsemeshani, njia mnapishana kwa mmoja kuiacha. Ndiyo heshima yenyewe. Vijana wengi wa wakati wetu walikuwa wameshaanza kulegeza, hasa wa mjini, lakini mzee wetu hakuwa mtu wa kulegeza. Siku ya harusi yetu kanisani alikaa nyuma ya nguzo, na mimi nilikuwa nimefunikwa kanga mpaka puani. Nilitoka pale nimeolewa katika ukoo ambao mkuu wake nisingeweza kumtambua hata angeniuzia nyanya.

Nilichokijua kwake ni kikohozi. Tulipokwenda Rungwe kuwasalimu, akikaribia mahali nilipo alikuwa anakohoa viwili vifupi na kimoja kirefu. Hapo ninaacha chochote nilicho nacho, ninaingia migombani. Nilizoea hata nikawa siwazi tena, miguu ilikuwa inajiondokea yenyewe. Siku moja kikohozi kilinikuta kwenye njia ya kisimani. Nikarukia kando, nikachutama nyuma ya mgomba, na nikawa nimechutama juu ya siafu. Mzee, badala ya kupita, alisimama palepale njiani akaanza kujaza kiko chake. Alijaza, akashindilia, akawasha, akavuta, akatazama mawingu. Siafu walinipanda mpaka kiunoni na sikutoa hata mguno. Alipoondoka nilikimbilia kisimani nikajitumbukiza na nguo zangu, na mama mkwe alicheka mpaka akakaa chini.

Mama mkwe ndiye aliyekuwa daraja letu. Maneno yote yalipitia kwake. Mzee akiwa barazani na mimi jikoni, ukuta mmoja katikati, alikuwa anasema, "Mwulize mkwe kama kwao kuna baridi namna hii." Mama anageuka ananiuliza, kana kwamba sikusikia. Na mimi namjibu yeye, kwa sauti ya kufika barazani. Mzee alikuwa anaongea Kinyakyusa hapo, kwa sauti ya chini, nami nilishikashika maneno machache tu. Kila tulipoondoka nilikuta kapu langu limejazwa ndizi na parachichi, na chini kabisa kipande cha asali ya masega kilichofungwa kwenye majani. Asali hiyo alirina mwenyewe. Nilimpenda mzee yule. Nasema bila haya, nilimpenda kuliko wajomba zangu ninaowajua sura.

Halafu mama mkwe akafariki. Mwaka uleule mume wangu akahamishiwa Iringa, tukapewa nyumba ya serikali Gangilonga. Mimi nilirudi kwetu kwenye mijakaranda, na mzee akabaki Rungwe peke yake katika nyumba ya watu wawili. Majirani walituletea habari kwamba anasahau kula. Kwamba jioni anaketi barazani anaanza sentensi kwa Kinyakyusa, akielekea jikoni, kisha anaikatisha.

Mume wangu alikwenda kumwomba aje tukae naye. Mzee akakataa. Akaenda tena, akakataliwa tena.

"Anasemaje?" nilimwuliza aliporudi.

"Anasema mjini hakuna migomba. Anasema, 'Nikikutana na mkwe wangu huko nitajificha nyuma ya nini, nguzo ya umeme?'"

Nilicheka, halafu nikalia. Maana alikuwa na haki. Nyumba yetu ilikuwa na ukumbi mmoja, mlango mmoja wa mbele, na choo ambacho kila mtu lazima apite jikoni kukifikia. Usiku ule tulitandaza karatasi yetu, na kwa mara ya kwanza hatukuchora kwa kujifurahisha. Tulichora chumba cha nyuma chenye mlango wake, na njia yake ya kutokea barabarani, na ua mrefu wa kuitenga njia hiyo na jiko. Mume wangu akapaka rangi ya kijani. Ilipendeza sana kwenye karatasi. Lakini mzee alikuwa Rungwe.

Ikafika Jumamosi moja ya kiangazi. Nilikuwa nimeteremka Ipogolo, kule bondeni barabara kuu inakopita, kununua nyanya na kabichi kwenye bustani za kando ya mto. Nilipokuwa najitwika kapu nianze kuupanda mlima, basi la kutoka Mbeya lilisimama likamshusha mzee mmoja mrefu mwembamba, koti zito, kofia, mkononi mkungu wa ndizi uliofungwa kwa majani makavu.

"Shikamoo baba," nikamwamkia.

"Marahaba mama. Hii mji ya Iringa iko wapi?"

"Iko huko juu. Lakini baba umeshuka mapema, basi linapanda mpaka stendi."

"Najua. Nimemwambia huyo dereva anishushe. Mimi mji naingia na miguu yangu. Ukiingia na basi, mji huijui, unaona tu visogo vya watu."

Nilimpenda hapohapo. Nikamwambia mimi pia napanda, twende wote, na nikamnyang'anya mkungu wa ndizi nikauweka juu ya kapu langu. "Ndaga fijo," akashukuru, nikajua ni Mnyakyusa. Hilo halikunishtua. Wanyakyusa wako kila mahali, mmoja nilikuwa naye nyumbani.

Tukaanza kupanda kwa njia za mkato. Alikuwa na pumzi fupi lakini maneno mengi, kama mtu aliyekaa muda mrefu bila wa kuongea naye. Aliuliza kila kitu. Ule mti unaitwaje? Maji mnachota wapi? Wazee wa hapa jioni wanakaa wapi? Barabara hii magari ni mengi namna hii kila siku?

"Hii mlima mlipanda mkidhani mnaenda mbinguni," akalalamika.

"Tungefika mbinguni baba, ila upepo ulituchelewesha."

Akacheka. Mdomoni alikuwa na pengo la mbele, na alipocheka alilifunika kwa kiganja kama msichana. Katikati ya mlima kuna jiwe pana kando ya njia, chini yake unaiona Ipogolo yote na mto unavyopinda. Tukaketi kupumzika. Akatoa kiko chake akaanza kukijaza, na wazee wa kiko nao wako wengi.

Sijui kwa nini nilimwambia habari za mji wetu. Nadhani kwa sababu aliuliza kuhusu miti, na mimi nikiulizwa kuhusu miti sinyamazi. Nikamweleza mlima wa nyuma, vijito, sheria ya chumvi, magari kuachwa nje. Akasikiliza kwa makini, akaniuliza ng'ombe watapita wapi. Tulikuwa hatujafikiria ng'ombe. Akanilaumu, kwa haki kabisa.

"Na hizo ua nyingi ni za nini?" akauliza.

"Za baba mkwe wangu," nikasema, na nikamsimulia ile ya siafu. Huwa naisimulia vizuri. Nilisimama nikamwonyesha nilivyochutama, nikamwonyesha yule mzee anavyoshindilia tumbaku polepole, anavyotazama mawingu, na mimi siafu wananila. Nilitegemea acheke tena.

Hakucheka. Kiko kilikuwa mkononi, hajakiwasha. Alikitazama, akakirudisha mfukoni pamoja na tumbaku yake. Nikadhani nimemkosea mzee wa watu kwa kuwafanyia wakwe mzaha.

Kisha akasema, akitazama kule mtoni, "Labda huyo mzee hakujua."

"Labda, baba."

"Angejua kuna siafu, angepita haraka."

"Najua. Ni mtu mwema. Kwa hiyo nataka aje tukae naye, na hataki. Anadhani mjini hakuna pa kumwekea heshima yake. Mimi nimeshamchorea njia yake na ua wake, nitaupanda kwa mikono yangu. Aje tu. Hata nisipomwona maisha yangu yote, nataka nijue amekula."

Nilisema hivyo nikiwa nimepandwa na hasira kidogo, kama ninavyokuwa nikitaka kulia. Mzee aliinuka, akajipangusa suruali. "Twende," akasema. Kuanzia hapo alitembea nyuma yangu, si kando yangu. Nilidhani amechoka. Nikapunguza mwendo, naye akapunguza.

Tukapita mjini, tukakata Gangilonga chini ya mijakaranda. Nilikuwa namwonyesha hiki na kile bila kugeuka, naye anaitikia kwa mguno. Tulipofika kwetu nikashika geti.

"Baba, nyumba yangu ndiyo hii. Karibu ndani unywe chai, kama kuna ndugu uliowafuata utawatafuta ukishapumzika."

 Kisha nikasikia viwili vifupi na kimoja kirefu.

Akili yangu ilikuwa bado kwenye chai. Miguu ndiyo iliyosikia. Nilijikuta nimeshaachia kapu, nimeshajitosa kwenye ua, na ua wetu mbele ulikuwa wa michongoma. Miiba iliniingia kila mahali panapoingilika. Nilichutama humo ndani nikashika mdomo, na hapo ndipo akili ilipofika. Nimetembea na baba mkwe kutoka Ipogolo hadi Gangilonga. Nimekaa naye jiwe moja. Nimemwigiza, mbele yake, akitazama mawingu.

Nyanya zangu zilikuwa zinabingirika barabarani. Niliona kwa chini, kati ya matawi, viatu vyake vikizifuata moja moja. Aliinama, akaokota, akajaza kapu, akaweka mkungu wa ndizi juu yake, akaliegemeza getini. Kisha viatu vikasimama. Niliogopa kuliko nilivyoogopa siafu. Nilijua ni mtu wa namna gani. Mtu wa namna ile, akishavunja mwiko hivyo, anarudi barabara kuu palepale anasubiri basi la Mbeya, na hutamwona tena mpaka mazishi. Nikawa naomba Mungu humo miibani. Asiondoke. Mimi nitahama hata nilale shuleni, yeye asiondoke.

Viatu viligeuka. Vikapiga hatua chache, vikafika kwenye jiwe la kando ya geti, na mzee akakaa, mgongo ukielekea nyumba. Nikasikia kiberiti.

Hivyo ndivyo mume wangu alivyotukuta alipotoka kazini, baba yake juu ya jiwe anavuta kiko, mke wake ndani ya ua.

"Baba! Umefikaje?"

"Kwa miguu."

Mume wangu akanichungulia kati ya miiba. Akamwangalia baba yake. Akanirudia mimi.

"Mmekutana?" akanong'ona.

"Hapana," nikasema.

"Tumekutana na nani?" mzee naye akasema kutoka kwenye jiwe lake, kwa Kiswahili, na kwa sauti ya kunifikia. "Mimi nimekutana na ua tu. Hii ua yenu ni nzuri. Inashika mtu."

Alikaa. Mwanzo alisema wiki, kisha akasema mpaka mvua, kisha hakusema tena. Mume wangu alikitobolea mlango chumba cha nyuma, na mimi nikapanda ule ua wa njia yake, ila si wa michongoma. Nilikuwa nimejifunza. Yeye mwenyewe alileta machipukizi ya migomba kutoka Rungwe, Wahehe wa mtaani wakamcheka kwamba baridi na upepo vitaiua, na haikufa. Tulirudi kwenye utaratibu wetu wa zamani, isipokuwa sasa daraja letu lilikuwa jogoo. Mzee akiwa upande wake wa ua alikuwa anamwambia jogoo, "Mwambie mkwe chumvi leo imezidi." Nami namwambia jogoo amwambie aliyeko kule kwamba aliyeona chumvi imezidi mbona sahani imerudi nyeupe. Tuliishi hivyo kwa raha sana. Alinenepa.

Habari za mlima wa Ipogolo hatukuzigusa kamwe, hata kwa jogoo. Nami kwa muda mrefu nilijidanganya kwamba pale getini aliitambua nyumba tu, kwa maelezo ya mwanawe, si mimi, na akakohoa kumwonya mkwe aliyemdhani yuko ndani.

Jumapili moja mume wangu alikuwa amemtolea mzee ile karatasi ya mji wetu barazani kwake, mimi nikiwa jikoni nakaanga. Nilimsikia akimweleza vijito, akimweleza njia mpya ya ng'ombe, ambayo niliichora mimi bila kumwambia ni nani aliyeikumbusha. Mzee aliangalia muda mrefu.

"Mji nzuri," akasema. "Lakini jiwe liko wapi?"

"Jiwe gani, baba?"

"Mwambie mkeo. Kwenye mlima ya kuingilia mji. Kuna mahali mtu anapumzika anasimuliwa habari. Aliisahau."

Nilisimama na kijiko mkononi. Alijua tangu pale. Tangu siafu. Alikuwa ameinuka juu ya lile jiwe akijua anayemwongoza ni nani, akanifuata nyuma mji mzima ili asinitazame tena, na mlangoni akakohoa ili nipate nafasi ya kukimbia kwa heshima zangu. Mimi ndiye niliyekuwa naonywa. Mboga iliungua, na siku hiyo hakuna aliyeisema chumvi.

Mume wangu alikuja jikoni na karatasi, uso umejaa maswali. "Jiwe gani hilo?"

"Nipe penseli," nikamwambia.

Nikalichora mwenyewe, nusu ya kupanda, upande wa bondeni. Nikalichora pana, la kukaa watu wawili.